Upasuaji wa mkojo unaovuja ukikohoa au kucheka: mwongozo kamili kwa mwanamke anayetaka kuamua

Ukikohoa, mkojo unatoka. Ukipiga chafya, ukicheka, ukinyanyua mtoto au mzigo, unatoka tena, hata kama umetoka chooni sasa hivi. Wanawake wengi huishi hivyo kwa miaka. Wanavaa pedi kila siku, wanajinyima maji, wanaacha mazoezi, na wakithubutu kusema wanaambiwa ndiyo uzazi huo, zoea. Hakuna sababu ya kuzoea. Tatizo hili lina tiba, na upasuaji ni mojawapo ya tiba zenye mafanikio makubwa. Ila ni upasuaji wa hiari. Kuvuja kwa namna hii hakuui wala hakuharibu figo, kwa hiyo asikukimbize mtu. Una muda wa kupima, kuuliza, kurudi nyumbani na kufikiri. Hatua zilizo hapa chini zimepangwa kwa mfuatano ambao ningependa kila mwanamke aupitie kabla hajasaini fomu ya ridhaa.

Hatua ya kwanza: jua unavuja kwa namna gani

Mrija wa mkojo wa mwanamke una urefu wa sentimita 4 hivi, nao umelala juu ya tandiko la misuli na tishu za nyonga. Unapokohoa, shinikizo la tumbo hukandamiza kibofu, na papo hapo hukandamiza mrija dhidi ya tandiko hilo, ukajifunga. Chukua mpira wa kumwagilia uliolazwa kwenye saruji: ukiukanyaga, maji yanakatika. Ulaze kwenye tope uukanyage, unadidimia tu na maji yanaendelea kupita. Kuzaa kwa njia ya kawaida, umri, uzito mkubwa, kikohozi cha muda mrefu na kujikamua chooni kila siku kwa sababu ya choo kigumu ndivyo vinavyolilegeza tandiko. Kwa baadhi ya wanawake tandiko liko imara kiasi, ila misuli inayofunga mrija wenyewe imedhoofika. Operesheni za tatizo hili karibu zote hufanya moja kati ya mambo mawili: kurudisha kitu cha kuegemea chini ya mrija, au kuusaidia mrija wenyewe ufunge.

Kwa sababu hiyo operesheni hizi hazisaidii kila mwenye kuvuja. Kama haja inakubana ghafla na mkojo unatoka kabla hujafika chooni, au unaamka mara nyingi usiku kukojoa, huenda tatizo lako ni kibofu kinachojikaza bila ruhusa. Hilo hutibiwa kwa mazoezi ya kibofu na dawa, na utepe, yaani mkanda mwembamba wa wavu unaowekwa chini ya mrija kuuegemeza, unaweza hata kulizidisha. Wanawake wengi wana yote mawili pamoja; hao hutibiwa kwanza lile linalowasumbua zaidi. Na kama unavuja mfululizo, usiku na mchana, bila kukohoa wala kubanwa, hasa baada ya uchungu wa muda mrefu au upasuaji wa nyonga, inawezekana una fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke. Fistula ina upasuaji wake tofauti kabisa. Mwambie daktari neno hilo waziwazi asipolitaja yeye.

Hatua ya pili: vipimo, na daftari la siku tatu

Kabla ya kwenda kwa daktari, chukua daftari na kikombe cha kupimia, uandike kwa siku 3. Kila unapokunywa, andika kiasi. Kila unapokojoa, pima na uandike. Kila unapovuja, andika ulikuwa unafanya nini. Mistari yake inakuwa hivi: saa 4 asubuhi, nimekojoa mililita 250. Saa 5 na nusu, nimepiga chafya, matone machache. Saa 7, nimebanwa ghafla, nimelowa kabla ya kufika. Ukurasa mmoja wa namna hii humwonyesha daktari mengi kuliko mazungumzo ya nusu saa, na nasikitika kuona mara nyingi hauombwi.

Kliniki, mkojo unapimwa kuona kama una maambukizi, maana UTI peke yake inaweza kusababisha kuvuja. Daktari ataangalia uke kuona kama kizazi au kuta za uke zimeshuka, na atapima nguvu ya misuli unapoikaza. Kisha kinakuja kipimo ambacho wengi hukionea haya: unakohoa kwa nguvu kibofu kikiwa kimejaa, naye anatazama kama mkojo unatoka. Usijikaze kuuzuia. Mkojo usipoonekana ukitoka hata mara moja, mpasuaji makini hatapanga operesheni. Mwisho, baada ya kukojoa, unapimwa kwa ultrasaundi mkojo uliobaki kwenye kibofu.

Kuna kipimo kikubwa zaidi cha shinikizo la kibofu, ambapo mirija myembamba huwekwa ndani ya kibofu na kwenye uke au njia ya haja kubwa huku kibofu kikijazwa maji. Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2012 ulionyesha kwamba kwa mwanamke mwenye kuvuja kwa kukohoa tu, kusikochanganyika na jambo jingine, kipimo hicho hakibadilishi matokeo ya operesheni. Kinahitajika kama uliwahi kufanyiwa upasuaji wa tatizo hilihili, kama haja ya ghafla ndiyo inayotawala, kama mkojo hauishi kwenye kibofu unapokojoa, au kama una ugonjwa wa mishipa ya fahamu.

Hatua ya tatu: mazoezi kwanza, kwa dhati

Tiba ya kuanzia ni mazoezi ya misuli ya nyonga, yale ambayo daktari Arnold Kegel aliyaandikia mwaka 1948. Mwongozo wa Uingereza unataka angalau mikazo 8, mara 3 kwa siku, kwa muda usiopungua miezi 3, chini ya usimamizi wa mtaalamu. Usimamizi ndio wenye kazi, kwa sababu wanawake wengi wakiambiwa wakaze hukaza tumbo au matako, au husukuma chini badala ya kuvuta juu, na hawajui. Mkazo sahihi ni ule wa kuzuia ushuzi na mkojo kwa pamoja, huku ukipumua kawaida. Kama uzito wako umezidi, kuupunguza hata kidogo kunapunguza kuvuja kwa kiasi kinachoonekana. Kuna pia pete ya silikoni inayowekwa ukeni kuegemeza mrija, ambayo humfaa sana anayevuja wakati wa mazoezi tu, au ambaye bado anataka kuzaa.

Lakini mazoezi yasigeuzwe kizuizi cha kumchelewesha mwanamke. Utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2013 uligawa wanawake 460 wenye kuvuja kwa kiasi cha kati na kikubwa: wengine walianza na mazoezi, wengine walianza na upasuaji wa utepe. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 64 hivi ya waliopangiwa mazoezi walisema wamepata nafuu, na waliopangiwa upasuaji walikuwa asilimia 91 hivi. Karibu nusu ya kundi la mazoezi waliishia kuomba upasuaji. Ninachokisoma mimi hapo ni kwamba mazoezi yanawatosha wengi na hayana madhara, kwa hiyo yajaribiwe. Ila mwanamke aliyeyafanya ipasavyo kwa miezi 3 na bado analowa hana sababu ya kuambiwa aendelee tu.

Kama hujamaliza kuzaa, madaktari wengi watakushauri usubiri. Hukatazwi kupata mimba baada ya operesheni, ila mimba na uzazi vinaweza kurudisha tatizo.

Hatua ya nne: zifahamu operesheni zenyewe

Utepe chini ya mrija. Hii ndiyo operesheni iliyofanywa zaidi duniani tangu Ulf Ulmsten wa Sweden na wenzake walipoieleza mwaka 1996. Utepe wa wavu wa polipropilini, wenye upana wa sentimita moja hivi, unapitishwa kwenye mkato mdogo ukeni na kukaa chini ya katikati ya mrija kama mkanda. Ncha zake zinaweza kutokea juu ya mfupa wa kinena, au kwenye mapaja, karibu na kinena. Njia hizi mbili zinakaribiana sana kwa mafanikio: utafiti wa mwaka 2010 uliowafuatilia wanawake 597 ulikuta asilimia 81 kwa njia ya kinena na 78 kwa njia ya mapaja baada ya mwaka mmoja, kwa vipimo vya kitaalamu. Zinapotofautiana ni kwenye madhara. Njia ya kinena ina hatari zaidi ya sindano kutoboa kibofu (takriban wanawake 3 hadi 5 katika kila 100) na ya kushindwa kukojoa baadaye. Njia ya mapaja inaleta zaidi maumivu na ganzi ya mapaja, na ikibidi kuutoa utepe huo wote, kazi ni ngumu mno. Mimi ningeuliza swali la kuutoa mapema kabisa, kwa sababu kibofu kilichotobolewa na kugunduliwa palepale kwa kawaida hupona kwa kuachwa na katheta (mrija wa kutoa mkojo kwenye kibofu) siku chache, ila maumivu ya paja yanaweza kuishi na mtu.

Kuna pia utepe mfupi unaowekwa kwa mkato mmoja, usiotokea nje popote. Matokeo yake ya miaka ya mwanzo yanakaribiana na ya utepe wa kawaida, ingawa utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2022 ulikuta wanawake wengi zaidi katika kundi hilo wakilalamika maumivu wakati wa tendo la ndoa baada ya miaka 3.

Mkanda wa mwili wako mwenyewe. Hapa haitumiki plastiki. Mpasuaji anachana kipande cha utando mgumu unaofunika misuli ya tumbo, au cha paja, na kukitumia kama mkanda chini ya shingo ya kibofu, pale kibofu kinapoungana na mrija. Ni operesheni ya zamani kuliko ya utepe, na inadumu. Mkato wake ni mkubwa, maumivu ni mengi zaidi, na kukaa hospitali ni siku kadhaa.

Kuinua kwa nyuzi, yaani upasuaji wa Burch, uliopewa jina la daktari John Burch aliyeueleza mwaka 1961. Tishu zilizo pembeni mwa shingo ya kibofu zinashonwa kwa nyuzi imara na kuning'inizwa kwenye kano iliyo nyuma ya mfupa wa kinena. Unaweza kufanywa kwa mkato wa tumbo au kwa matundu madogo na kamera. Utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2007, wenye wanawake 655, uliulinganisha na mkanda wa mwili: baada ya miaka 2, mkanda ulifanikiwa kuzuia kuvuja kwa kukohoa kwa asilimia 66, Burch kwa 49. Vigezo vyao vya mafanikio vilikuwa vikali sana, kwa hiyo usizifananishe asilimia hizo moja kwa moja na zile za utepe. Ila waliowekewa mkanda walipata shida ya kukojoa kwa asilimia 14, na wa Burch asilimia 2 tu. Mwanamke anayeogopa kuishi na katheta kuliko anavyoogopa matone machache atayatazama matokeo hayo kwa jicho jingine, na ana haki hiyo.

Sindano za kujaza. Daktari anaingiza kamera kwenye mrija na kudunga jeli kwenye kuta zake ili zivimbe na kugusana. Hakuna mkato, ganzi ya pale pale inatosha, na unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Mafanikio yake ni madogo kuliko ya utepe: katika utafiti wa Helsinki, baada ya mwaka mmoja asilimia 95 ya waliowekewa utepe waliridhika, na asilimia 60 hivi ya waliodungwa jeli. Pia hulazimu kurudia. Kwa mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye umri mkubwa, au asiyetaka kabisa wavu wala kupasuliwa, ni chaguo la heshima.

Hatua ya tano: mjadala wa wavu

Usipouulizia wavu utakuja kuusoma mtandaoni ukiwa umeshapasuliwa, na utaogopa. Kwa wanawake wachache, utepe hujichomoza ukeni au huingia kwenye mrija au kibofu, au huleta maumivu ya kudumu. Malalamiko ya wanawake, ambayo kwa muda mrefu hayakusikilizwa, ndiyo yaliyobadilisha mambo. Uingereza ilisitisha matumizi ya wavu huu mwezi Julai 2018 ila kwa masharti makali, na ripoti ya tume iliyoongozwa na Baroness Cumberlege, iliyotoka Julai 2020, ilieleza jinsi wagonjwa walivyopuuzwa. New Zealand nayo ilisitisha mwaka 2023. Marekani, mwezi Aprili 2019, ilizuia uuzaji wa nyavu zinazowekwa kupitia ukeni kwa ajili ya viungo vilivyoshuka, lakini haikuzuia utepe wa mkojo. Hivi ni vitu viwili: wavu wa viungo vilivyoshuka ni mpana na una plastiki nyingi zaidi kuliko utepe mwembamba wa chini ya mrija. Daktari anayekwambia utepe hauna shida yoyote anakudanganya. Anayekwambia kila mwenye utepe atateseka naye anakosea, maana wanawake waliofuatiliwa kwa zaidi ya miaka 15 walionekana wengi wao bado wakavu.

Hatua ya sita: maswali ya kwenda nayo

Yaandike kwenye karatasi, na kama unaweza nenda na mtu wa kukusaidia kukumbuka majibu.

- Umefanya operesheni ngapi za aina hii, na unawafuatilia wagonjwa wako kwa muda gani?
- Kwa nini hii kwangu, na si zile nyingine tatu?
- Nikishindwa kukojoa baadaye, utafanya nini, na lini?
- Utepe ukileta shida, nani atautoa?

Asiyeweza kukupa chaguo zaidi ya moja, kwa sababu anajua moja tu, anapaswa kukuelekeza kwa mwenzake. Muombe pia akuandikie jina la utepe na namba yake ya kiwandani. Karatasi hiyo ihifadhi pamoja na vyeti vyako.

Hatua ya saba: kujiandaa

Acha sigara wiki kadhaa kabla, kwa sababu inachelewesha kidonda kupona na kikohozi chake kinavuta mshono. Tibu kikohozi na choo kigumu sasa, usisubiri. Sukari na presha ziwe zimetulia. Kama unatumia dawa za kuyeyusha damu au aspirini, mwambie daktari mapema, wala usiziache kwa uamuzi wako. Waliokwisha kukoma hedhi mara nyingi hupewa krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni ili ngozi ya uke iwe imara. Usiku wa kuamkia operesheni utaelezwa saa ya kuacha kula. Kwa kawaida chakula huachwa kwa muda wa saa 6 kabla ya operesheni, na maji matupu kwa muda wa saa 2.

Siku yenyewe

Operesheni ya utepe huchukua nusu saa hivi, kwa ganzi ya pale pale, ganzi ya uti wa mgongo au usingizi kamili. Unapewa dozi ya antibayotiki. Miguu inainuliwa kwenye vishikizo, katheta inawekwa, kisha mpasuaji anakata ukeni mkato wa sentimita moja na nusu hivi. Sindano mbili ndefu zinapitisha utepe kulia na kushoto. Kwa njia ya kinena, kamera inaingizwa ndani ya kibofu kuhakikisha hakikutobolewa, na hatua hiyo isirukwe. Halafu inakuja sehemu inayotofautisha mpasuaji na mpasuaji: kukadiria mkazo. Anashikilia mkasi au kifaa kama hicho kati ya utepe na mrija anapovuta maganda ya plastiki yanayoufunika utepe, ili ubaki umelegea na usiubane mrija. Utepe unatakiwa kuugusa mrija pale tu unapokohoa. Ukikazwa mno hutakojoa. Ukilegea mno utaendelea kuvuja. Mshono wa ukeni unafungwa kwa uzi unaoyeyuka wenyewe.

Wiki za kwanza

Hupaswi kuruhusiwa kabla hujakojoa na mkojo uliobaki kupimwa. Wengine siku ya kwanza hawawezi, kwa sababu ya uvimbe. Hao huondoka na katheta kwa siku chache au hufundishwa kujitoa mkojo wenyewe kwa mrija mwembamba. Usiogope, wengi huwa sawa ndani ya wiki. Lakini hali ikiendelea usiambiwe usubiri miezi: utepe unaweza kulegezwa katika siku za mwanzo kabla tishu hazijaushika, na baadaye unaweza kukatwa.

Mkojo wako utatoka taratibu kuliko zamani. Kaa vizuri chooni, inamia mbele kidogo, usisukume. Damu kidogo na majimaji ukeni kwa siku kadhaa ni kawaida. Usinyanyue vitu vizito wala kuchuchumaa na mzigo kwa wiki 4 hadi 6, na tendo la ndoa nalo lisubiri muda huohuo. Usiweke tamponi, na oga kwa maji ya kumwagika, usijitumbukize kwenye beseni. Kazi za kukaa unaweza kurudia baada ya wiki moja au mbili. Kwa Burch na mkanda wa mwili hesabu wiki 6. Nyumbani, gawa kazi kabla hujaenda hospitali, maana ukirudi unatembea na unaongea watu watadhani umeshapona.

Rudi hospitali bila kuchelewa ukiona mojawapo ya haya: huwezi kukojoa kabisa, homa au kutetemeka, damu nyingi inayolowesha pedi, maumivu makali ya tumbo, kinena au paja yanayozidi badala ya kupungua, mguu mmoja kuvimba, au uchafu unaonuka ukeni.

Miezi na miaka baadaye

Wanawake wachache hupata haja ya ghafla ambayo hawakuwa nayo. Mara nyingi inatulia au inatibika kwa dawa, lakini kwanza ipimwe kama mrija haujabanwa. Damu au majimaji ukeni miezi au miaka baadaye, mwenzi kuhisi anachomwa wakati wa tendo, au UTI zinazojirudia ni dalili za utepe kujichomoza, hata kama umepita muda mrefu kiasi cha kuusahau. Taja utepe wako kwa kila daktari atakayekuona kwa dalili hizo.

Kuvuja kukirudi, usikubali utepe wa pili uwekwe kwa haraka. Hapa ndipo kipimo cha shinikizo la kibofu kinapokuwa cha lazima, kwa sababu sasa kinachovuja kinaweza kuwa kitu kingine. Baada ya hapo chaguo ni utepe mwingine, sindano za kujaza, au mkanda wa mwili, ambao wapasuaji wengi huuamini zaidi pale misuli ya mrija ilipodhoofika sana. Kwa wachache mno kuna kifaa cha bandia cha kuufunga mrija, kinachowekwa na mabingwa waliobobea tu. Kila operesheni ya marudio ni ngumu kuliko iliyotangulia, kwa hiyo tafuta anayezifanya mara kwa mara, uende na lile karatasi lenye jina na namba ya utepe wa kwanza.